Benki kuna pesa lakini mishahara haitoki: shirika dogo litazame wapi

Mimi naweka hesabu za shirika letu dogo huku Kisauni, Mombasa, maktaba ya watoto pamoja na masomo ya jioni, tangu 2018, na ni kazi ya kujitolea. Baadaye wenzetu wa mashirika mengine wakaanza kuniita niwatazamie vitabu vyao, Likoni, Changamwe, Majengo, na kila nikifungua daftari naona maradhi ni yale yale, yabadilisha nguo tu. Kwa hivyo nimepanga kwa dalili. Tafuta ya kwako uanze nayo, ila hiyo ya kwanza isome hata kama haikuhusu, manake nyingine zote zaiegemea.

Dalili: benki kuna pesa, na bado mwisho wa mwezi mwahangaika

Mwisho wa Aprili 2023, Idi imepita juzi tu, tulikaa kwenye mkeka pale maktaba, mimi, katibu na mwenyekiti wetu, mama mtu mzima mwenye heshima zake. Stetimenti ya benki yasema 1,840,000. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, na hizi zote, mbona mwalimu wa jioni hajalipwa, wiki ya pili hii?" Sikuwa na jibu. Nikachukua kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, upande huu nikaandika AMANA, upande ule AKIBA, tukaanza kuzigawa moja moja.

1,100,000 ni karo, mfadhili ametaja jina la kila mtoto na shule yake, na muhula wa pili wafunguliwa mwezi wa tano. Hiyo amana. 260,000 ni zaka iliyokusanywa Ramadhani na bado haijawafikia wenyewe. Amana hiyo, na nzito kuliko zote. 45,000 ni makato ya mishahara ambayo tushawakata wafanyakazi lakini hatujayapeleka. 90,000 ya fundi aliyemaliza vyoo, 45,000 ya mtu wa kuchapisha. Tulipojumlisha upande wa amana ukafika 1,540,000, upande wa akiba zikabaki 300,000. Mama akavua miwani akasema, "Kumbe sisi ni maskini tuliobebeshwa pesa za watu."

Ndo hapo ugonjwa ulipo. Mwalimu hakuwa amenyimwa, ni kwamba kila mtu alikuwa aogopa kugusa manake hakuna aliyejua ipi ni ya kuguswa. Tulipojua laki tatu ni zetu mwalimu alilipwa kesho yake asubuhi.

Kipimo chenyewe ni hiki, na chachukua nusu saa kama risiti zako zimekaa sawa. Chukua salio la leo. Toa kila shilingi ambayo mtoaji amekwambia ni ya kazi fulani na kazi hiyo haijafanyika. Toa kila deni, hata lile ambalo mwenyewe hajaanza kulidai. Kinachobaki ndio pesa huru. Sasa igawanye kwa gharama ambazo lazima zitoke kila mwezi hata kama hakuna mradi wowote. Kwetu wakati huo ilikuwa kodi 35,000, mishahara ya watu watatu 120,000, ulinzi 18,000, stima na maji 9,000, intaneti 3,000, vitu vidogo vidogo 15,000, jumla 200,000. Laki tatu kwa laki mbili, mwezi mmoja na nusu. Hiyo ndo pumzi yenu. Kiwango kinachotajwa sana na watu wa hesabu za mashirika ni miezi mitatu mpaka sita, lakini kama mko chini ya mmoja usianze kuota ya sita, tafuta kwanza wa kwanza.

Na kama kipimo kikitoa jibu chini ya sifuri, yaani amana ni kubwa kuliko salio lenyewe, basi mshakula pesa zenye wenyewe, na mara nyingi hakuna mwizi hapo. Kilichotokea ni lile neno "tuazime hizi za karo mara moja, za mradi zikiingia twarudisha", alafu za mradi zikachelewa, na zilipoingia zikawa nazo zina kazi yake. Nshaona shirika lina miradi mitatu na kila mradi wamlipa mwenzake wa nyuma, miaka miwili, na stetimenti yaonekana nzima kabisa. Ukijikuta hapo, andika hilo deni kwenye kitabu kwa jina lake, "shirika ladaiwa na mfuko wa karo, kiasi hiki", bodi isaini mpango wa kulipa mwezi kwa mwezi, na mpigie mfadhili simu wewe kabla yeye hajakupigia. Najua ni simu ngumu. Nimekaa na watu walipokuwa waipiga, na sijaona hata mmoja aliyefukuzwa kwa kusema mapema, niliowaona wakifukuzwa ni waliogunduliwa.

Dalili: kila mwaka salio lakua, na kila mwaka twahisi tumebanwa zaidi

Hii huwezi kuiona kwa stetimenti ya mwezi mmoja, lazima utandaze miaka. Mimi nilichukua Disemba ya kila mwaka nikafanya kile kipimo cha amana na akiba, usiku mzima na feni yapuliza karatasi, nimezilaza kwa mawe. Disemba 2019 benki kulikuwa na 650,000, pesa huru 410,000. Disemba 2022 benki 1,500,000, zaidi ya mara mbili, sote twajiona tumekua, pesa huru 380,000. Yaani zilipungua wakati twasherehekea. Na mbaya zaidi ukigeuza kuwa miezi, 2019 gharama za lazima zilikuwa 120,000 kwa mwezi, kwa hivyo tulikuwa na pumzi ya miezi mitatu na kidogo, 2022 gharama zimefika 190,000, pumzi miezi miwili.

Hapo katikati 2020 pesa huru ziliruka mpaka 620,000, na nakumbuka tulijipongeza. Lakini shule zilifungwa mwezi wa tatu mwaka huo, masomo ya jioni yakasimama, hatukulipa nauli wala uji wala kuchapisha, na mfadhili mmoja alituruhusu masalio tuyatumie tunavyoona. Akiba iliyopatikana kwa sababu kazi imesimama yarudi chini kazi ikirudi, na ndivyo ilivyokuwa, 2021 tukawa 540,000. Kwa hivyo ukitazama mstari wa miaka usifurahie mwaka ulioruka mpaka ujue uliruka kwa nini.

Sababu ya kwetu nilipoichimba ilikuwa chumba. 2021 tulipata mradi wa kompyuta tukakodi chumba cha pili. Mradi ulikuwa wa miezi kumi na nane. Mradi umekwisha, chumba kimebaki, na mlinzi aliyeongezwa kwa ajili ya kompyuta amebaki, na intaneti ya spidi kubwa imebaki. Hakuna aliyekaa chini akaamua viendelee, hakuna tu aliyeamua vikome. Dawa yake ni kabla ya kusaini mradi wowote andika pembeni, mradi huu ukifa, ni gharama gani zitakazobaki hai, na nani atazilipa. Kama jibu ni "tutaona", kodi chumba kwa muda wa mradi tu na mkataba useme hivyo.

Dalili: bajeti ilitosha kwenye karatasi, pesa zilipoingia zikapungua na hakuna aliyekata

Uliza kwanza mkataba uliandikwa kwa pesa gani. Hii ilituuma sana mwanzo wa 2024 na nataka niieleze vizuri manake wengi hawajaielewa mpaka leo.

Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Sisi tukaandika bajeti ya dola 20,000, tukapiga hesabu 3,200,000, tukagawa kila senti, mishahara, vitabu, semina ya wazazi. Mwezi wa pili serikali ikauza bondi mpya nje, yaani ikakopa upya, ili inunue sehemu kubwa ya ile Eurobond, deni lake la nje la dola bilioni 2 iliyokuwa yaiva Juni, hofu ya kwamba Kenya haitalipa ikaisha, na shilingi ikapanda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Pesa zetu zilifika Aprili, dola iko karibu 130. 20,000 zile zile zikawa 2,600,000. Laki sita zimepotea na mfadhili ametuma kila dola aliyoahidi. Laki sita ukizigawa kwa gharama zetu za 200,000, ni miezi mitatu ya kuendesha maktaba.

Na tulikuwa tushapewa fursa ya kujikinga. Mwaka wote wa 2023 ilikuwa kinyume, dola ilianza mwaka kwenye mia na ishirini na kitu ikaumaliza zaidi ya 150, kila awamu ya mfadhili wa nje ikija yazidi bajeti. Ile ziada tukaona ni baraka, tukanunua viti na feni. Ingewekwa pembeni, ndo ingetuvusha 2024.

Kwa hivyo kama walipwa kwa dola au yuro au pauni, bajeti yako ipige kwa bei ya chini kuliko ya leo, mimi siku hizi natoa shilingi kumi kwa kila dola. Weka sentensi kwenye mkataba, bei ikishuka zaidi ya kiasi fulani nani abeba hasara, je twaruhusiwa kupunguza kazi. Na bei ikipanda usidhani ziada ni yako, wafadhili wengine wahesabu ni yao mpaka waseme vinginevyo, kwa hivyo andika barua uombe iingie kwenye akiba. Mara nyingi wakubali, wahitaji tu kuulizwa.

Dalili: mradi waenda vizuri, ripoti zasifiwa, nyie mwazidi kudaiwa

Hapa kuna sababu mbili na huja pamoja.

Ya kwanza ni kwamba mfadhili alipa vitabu, halipi mlango wa kupitia kwenda kwenye vitabu. Kodi, stima, mtu wa hesabu, sabuni ya choo, hizo zote mradi wazitumia lakini hazimo kwenye bajeti yake kwa sababu tuliogopa kuonekana twala pesa za watoto. Fanya hivi: kama mradi watumia thuluthi ya chumba na thuluthi ya muda wa wafanyakazi, basi thuluthi ya gharama za lazima ni zake. Kwetu ni kama 67,000 kwa mwezi. Mradi ukileta 20,000 ya uendeshaji, 47,000 zilizobaki zatoka kwenye akiba yenu kila mwezi, yaani nyie ndio mwamfadhili mfadhili. Na usione haya kuomba, hata serikali ya Marekani kwenye kanuni zake za misaada ilipandisha kiwango cha gharama za uendeshaji, kwa mashirika yasiyo na kiwango walichokubaliana, kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia 1 Oktoba 2024. Kama wao washakubali kwamba ofisi yala, na sisi tuseme.

Ya pili ni miradi ya "tumia kwanza, leta risiti, twakurudishia". Yaonekana pesa zipo, lakini kwa miezi miwili au mitatu ni zako zinazofanya kazi, na risiti moja ikikosa jina la shirika imekwenda na maji. Kabla ya kukubali angalia, kiasi cha kutanguliza ni kikubwa kuliko pesa huru zenu? Kama ndio, omba awamu ya kwanza itangulie. Wakikataa, mradi huo hata uwe mzuri vipi si wa ukubwa wenu kwa sasa.

Dalili: gharama za mishahara zimepanda na hakuna aliyeongezwa mshahara

Ni makato ya upande wa mwajiri. Watu wengi waandika bajeti ya miaka mitatu alafu waifungia kabatini. Chukua mfanyakazi wa 40,000. Mwaka 2022 mwajiri alimlipia NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, shilingi 200 basi. Februari 2023 viwango vipya vikaanza, ikawa 1,080. Februari 2024 ikawa 2,160. Februari 2025 ikawa 2,400. Juu yake ongeza ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mfanyakazi na 1.5 nyingine ya mwajiri, hiyo ni 600. Kwa hivyo kutoka 200 hadi 3,000 kwa mtu mmoja. Watu wetu watatu, kutoka 600 hadi 9,000 kwa mwezi, nyongeza ya 8,400, na kwa mwaka 100,800 ambazo mkataba uliosainiwa 2022 hauzijui. SHIF yenyewe, ile asilimia 2.75 ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, yakatwa kwa mfanyakazi tu, lakini mfanyakazi naye akiona mshahara wa mkononi umepungua atakuja kwako, na ana haki ya kuja.

Yote haya yafaa yawe yamelipwa tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Nasisitiza kwa sababu makato ndio pesa rahisi kuliko zote kuazima, ushawakata watu, zimekaa tu, na hakuna mtoto wala mzazi wa kuja kuzidai mlangoni. Ukichelewa kupeleka ritani ya PAYE, ile kodi ya mishahara, faini ni asilimia 25 ya kodi au 10,000, ile iliyo kubwa, na hakuna mfadhili atakayekulipia faini. Sisi siku ya mishahara makato yatoka siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hayalali.

Dalili: mambo ni shwari lakini asilimia kubwa yatoka mfuko mmoja

Hii haina maumivu mpaka siku yake. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ipitiwe upya, na kufikia 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Mashirika makubwa yaliyumba, na madogo yaliyokuwa chini yao, wale wa mtaani wanaopita nyumba kwa nyumba, wengi hata hawakuwa na mkataba wao wenyewe wa kushika, walipata habari kwa simu.

Rafiki yangu wa Likoni, shirika lao la afya lilitegemea mfuko mmoja kwa zaidi ya robo tatu, lakini walikuwa wamejiwekea miezi minne kidogo kidogo kwa miaka sita. Hiyo akiba haikuokoa mradi. Iliwapa nafasi ya kuwalipa watu haki zao, kuzikabidhi faili za wagonjwa kituo cha afya mkononi kwa mkono, na kubaki na wafanyakazi wawili na chumba kimoja cha kuanzia upya. Nilikwenda kuwaona mwezi wa tatu, faili zimefungwa kwa kamba za mkonge kwa majina ya mitaa, Mtongwe, Shelly Beach, Timbwani, na yeye azihesabu mara ya pili kabla ya kutia sahihi.

Kipimo: kwenye karatasi, futa mfadhili wako mkubwa. Sio kumpunguza, mfute. Andika ni nini kitakachokuwa kimebaki wazi mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Na andika ungewalipa nini wafanyakazi ukiwaachisha leo, notisi na likizo zao, hiyo ndo akiba ya chini kabisa ambayo shirika lastahili kuwa nayo kabla ya kununua kiti kingine.

Dalili: odita asema mna akiba milioni mbili, nyie hamuzioni

Tazama ndani ya hiyo milioni mbili. Uwezekano mkubwa ni tuktuk, laptopu, rafu na ule mchango ambao mtu aliahidi. Kwa lugha ya odita hizo zote ni mali yenu na hakukosea, lakini mwenye nyumba hapokei rafu. Mwombe aonyeshe mstari wa pesa huru peke yake, na ripoti ya bodi ibebe mstari huo.

Dalili: Ramadhani tumefurika, ikifika mwezi wa saba au wa nane hatuna hata ya tokeni

Kwa mashirika ya hapa hii ni kawaida, michango yaja kwa wingi mwezi mmoja alafu yakauka. Sehemu ya dawa ni kalenda, chora miezi kumi na miwili, tia kila unachotegemea kiingie na kitoke, utauona ule mfereji uliokauka kabla hujatumbukia.

Lakini kuna sehemu nyingine ni ya aina ya pesa. Zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa kwenye Surat at-Tawba, huwezi kuigeuza kodi ya ofisi kwa sababu mwezi ni mgumu, na kama mwaona mwaingia kwenye fungu la wanaoishughulikia, muulizeni sheikh kwanza na jibu lake liandikwe. Zakatul-fitri ndio kabisa, yataka iwe imefika kwa wenyewe kabla ya sala ya Idi. Sadaka ndio yenye nafasi. Shida yaja pale zote zimeingia Paybill moja bila jina na wewe hujui ipi ni ipi. Sisi sasa tangazo letu lasema kwenye namba ya akaunti andika ZAKA, au SADAKA, au MAKTABA, basi, na stetimenti yajigawa yenyewe. Mwanzoni niliogopa hakuna atakayeandika MAKTABA. Watu waliandika, kumbe hatukuwahi kuwaomba.

Dalili: kitabu chasema hivi, benki yasema vile

Kama tofauti ni ndogo na yabadilika, ni makato ya benki na ya M-Pesa ambayo hayaandikwi. Kama ni kubwa na yakua, tafuta pesa za shirika zinazopita kwenye simu ya mtu. Haijalishi ni mtu mwema kiasi gani, simu ikiibwa Mwembe Tayari pesa zaweza kwenda nayo, na akifa Mungu amrehemu, pesa hizo ni za warithi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Funga njia hiyo wiki hii. Alafu kila tarehe 5 mtu asiyeandika kitabu alinganishe kitabu na stetimenti, mstari kwa mstari, atie sahihi.

Dalili: akiba yaanza, na kila mara yaliwa

Yaliwa kwa sababu yakaa nyumba moja na pesa za matumizi na haina mwenyewe. Ifungulieni akaunti yake. Bodi iandike kwenye minitsi mambo manne tu: twalenga miezi mingapi, kila mwezi chaingia kiasi gani, nani na nani wafungua, na ikitumiwa yarudishwa ndani ya muda gani. Sisi tulianza na 10,000 kwa mwezi, na ilikuwa inauma, kuna miezi katibu alininunia, lakini ilitoka tarehe moja na mishahara kama vile na akiba nayo imeajiriwa. Ziada ya harambee, faida ya kukodisha viti wikendi, masalio ambayo mfadhili ameyaachilia kwa maandishi, yote humo.

Iwekwe wapi? Miezi miwili ya kwanza ikae benki pa kufikika. Inayozidi, wengine waweka hati za serikali za siku 91 kupitia DhowCSD, mtandao wa Benki Kuu, ila msijenge bajeti juu ya riba yake, katikati ya 2024 zilikuwa zalipa karibu asilimia 16 na mwaka mmoja baadaye karibu 8. Na hapa kwetu bodi nyingi hazitaki riba kabisa, hilo laeleweka, kuna benki za Kiislamu na akaunti za mudharaba, za kugawana faida badala ya riba, swali liulizwe kwenye kikao kabla ya pesa kuingia, nimeona akiba ikivunjwa kwa ugomvi huu baada ya faida kutoka. Wazee wanaosema kuweka pesa za sadaka ni dhambi zitumike zote, hao nawakumbusha wakfu kwa upole. Mababu wa pwani hii waliweka maduka na mashamba ili msikiti usikose mafuta ya taa, hawakungoja Ijumaa kukusanya ya usiku huo.

Dalili: mfadhili ameona akiba na auliza kwa nini mwaomba

Usifiche na usijitetee kwa maneno mengi. Sisi tuliulizwa tukajibu kwa ukurasa mmoja: pesa huru ni kiasi hiki, ni miezi miwili na nusu ya gharama hizi, lengo letu ni mitatu, sababu ni laki sita tulizopoteza kwa dola 2024 na haki za wafanyakazi watatu, na funguo ni sahihi tatu kwa pamoja. Tukaambatanisha ule mstari wa miaka tangu 2019, na miaka mibaya imo. Akarudisha barua pepe siku ya pili aomba nakala ya ule ukurasa wa kaunta buku, ule wenye mstari katikati, awape wengine anaowafadhili. Mama mwenyekiti ndiye aliyeupiga picha kwa simu yake, mara tatu, mpaka ile 300,000 ikaonekana vizuri.